Miezi Minne Ilikuwa ya Nani?

Kijana yeyote atakayeniletea mshahara wa babu yake ukiwa umejumlishwa kwa kikokotoo cha simu, nitamrudisha nyumbani akachukue kikombe cha maharage na boksi tupu la mayai ya dazeni. Msinicheke. Nimefanya kazi ya kutafuta historia za familia hapa Durban kwa miaka ishirini na nane, na mpaka leo nikikutana na ukurasa mgumu wa pauni, shilingi na peni, namwaga maharage mezani. Marehemu mume wangu alikuwa amezoea. Akikuta meza imejaa maharage alijua kwamba chakula cha jioni kinasubiri mshahara wa mtu aliyekufa zamani.

Mlipoanzisha kikundi chenu cha Jumamosi pale kanisani, ninyi Wakenya wa chuo na ninyi ndugu zetu wa Burundi, mkaniomba niwaandikie niliyojifunza, nilitaka kukataa. Mengi niliyojifunza niliyajifunza kwa kuchapia. Lakini nikafikiri, kama nitayaficha makosa yangu, mtayarudia yaleyale na mtadhani ni mapya. Basi haya hapa, bila mpangilio, kama yanavyonijia.

Mnaniita Mama Mghoi. Mimi ni Mtaita wa Wundanyi. Nilikuja hapa kusomea ukutubi, nikapata kazi katika chumba cha kusomea nyaraka za zamani, na baadaye nikawa natafutia watu habari za wazee wao kwa malipo. Nilianza kazi nikiwa na kiburi cha ajabu. Wenzangu wa hapa, waliozaliwa wakati wa randi, waliziogopa hesabu za Kiingereza cha kale. Mimi nilijiambia, shilingi? Mimi nimelelewa na shilingi! Kwetu shilingi ni senti mia, na nyanya yangu alikuwa akiiita sarafu ya senti kumi "peni". Peni kumi, shilingi moja. Kuna nini hapo cha kumtisha mtu aliyesoma?

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja wa Pinetown. Babu wa baba yake alikuwa mfagiaji wa wodi katika hospitali fulani, na daftari la mishahara lilikuwepo. Kila wiki shilingi saba na peni sita. Nikajumlisha wiki nne, nikapata shilingi thelathini na peni nne. Karani aliyeandika daftari alikuwa ameweka shilingi thelathini tu. Nikageuza ukurasa. Tena peni nne zimepungua. Mwezi uliofuata, tena! Damu ikanichemka. Niliandika ripoti ya kurasa nne nikimshtaki yule karani marehemu kwamba alikuwa akimwibia mfagiaji peni nne kila mwezi, na nikaandika mwishoni kwamba huu ndio uliokuwa unyonyaji wenyewe.

Ripoti hiyo ikasomwa na Anko Sooboo. Huyu alikuwa mzee wa Kihindi wa hapahapa Durban, karani wa mishahara mstaafu wa kiwanda cha sukari. Alianza ukarani kijana kabisa, kabla randi haijaja, na kila Jumatano alikuja chumbani kwetu kutafuta meli iliyomleta bibi yake. Aliweka sambusa kwenye bahasha ya kaki, na kwa kuwa kula ndani kulikatazwa, mafunzo yangu yote niliyapata kwenye ngazi za nje. Siku hiyo alisoma ukurasa wa kwanza akacheka. Ukurasa wa pili akavua miwani. Ukurasa wa tatu akavua na meno ya bandia, akayafunga kwenye leso, ili acheke vizuri.

"My girl," akasema alipopata pumzi, "shilingi ina peni ngapi?"

"Kumi, Anko."

"Nani alikwambia kumi?"

"Nyanya yangu."

"Eish! Nyanya yako hakuwahi kukaa ofisini kwangu siku ya mshahara. Kumi na mbili! Peni kumi na mbili shilingi, shilingi ishirini pauni. Huyo karani ni mtu mwaminifu, amelala kaburini, wewe unamwita mwizi."

Ndipo alipoleta boksi la mayai. Lile boksi lina mashimo kumi na mawili, nanyi mtafanya hivihivi. Kila harage ni peni, kila shimo harage moja. Boksi likijaa, limwage, weka pembeni kizibo kimoja cha soda. Hicho ni shilingi. Vizibo vikifika ishirini, viondoe, weka jiwe. Hilo ni pauni. Jaribuni wenyewe na yule mfagiaji: peni sita mara nne ni maharage ishirini na manne, maboksi mawili kamili, hakuna kinachobaki. Shilingi ishirini na nane na mbili, thelathini. Nilipoona boksi la pili limejaa sawasawa, niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilimwomba radhi yule karani kwa sauti, pale kwenye ngazi, na Anko akaitikia kwa niaba yake.

Kuhusu alama, msipate shida. Pauni ina herufi yake yenye mkato. Shilingi ni s. Peni ni d, kwa sababu Waingereza waliirithi kutoka dinari, sarafu ya Warumi, wakaona uvivu kuibadilisha. Mmoja wenu, simtaji, aliona d akadhani ni deni, akamlilia babu yake wiki nzima. Mkiona mbili, mkwaju, halafu kistari, hiyo ni shilingi mbili kamili bila peni. Mkiona gini, ni shilingi ishirini na moja, na aliyelipwa kwa gini hakuwa babu yenu. Hizo zilikuwa za daktari na wakili.

Kingine. Msinikimbilie kuniuliza, "Mama Mghoi, pauni tatu ni randi ngapi leo?" Swali hilo lilikuwa linamkera Anko kuliko sambusa iliyopoa. Alikuwa akisema, pesa usiiulize ni kiasi gani, iulize ilinunua nini. Tafuta gazeti la mwaka huohuo, soma matangazo ya maduka: gunia la unga, jozi ya viatu, kodi ya chumba. Halafu angalia kama mtu alilipwa pesa tupu, au pesa na posho ya unga na nyama, au pesa na mahali pa kulala. Mwenye pauni mbili na posho anaweza kuwa amemzidi mwenye pauni tatu anayejinunulia kila kitu. Mshahara wa mtu hauishi kwenye tarakimu.

Nilijua yote haya. Nilikuwa nimeshayajua kwa miaka sita. Na bado nikamfanyia Bi Mwanaisha nitakayowasimulia sasa.

Alikuja asubuhi moja na mjukuu wake Rehema, tumbo la Rehema likiwa limetangulia kuingia mlangoni. Bi Mwanaisha alikuwa na zaidi ya miaka themanini, mwembamba, mkali wa macho, mtandio mweupe. Alizaliwa Bluff, kwa wale watu wa hapa wanaoitwa Wazanzibari, ambao wazee wao waliokolewa utumwani wakaletwa Durban na kukaa kule kwenye kilima kando ya bandari. Serikali ya ubaguzi ikawang'oa baadaye, ikawapeleka Chatsworth. Kiswahili chake alifundishwa na walimu wa madrasa, na majirani Wakongo wakakiongezea chao. Nilikifurahia sana.

"Mwanangu," akasema, "mimi iko na swali moja tu. Nataka jibu kabla huyu hajajifungua."

Swali lilimhusu babu yake, baba wa mama yake, aliyeitwa Feruzi. Feruzi alikuwa mbeba makaa. Pale Bluff meli zilikuwa zinakuja kujaza makaa ya mawe, na wanaume walipakia kwa vikapu. Mkewe, Bi Zuhura, alimlea Bi Mwanaisha, na aliacha neno moja ambalo ukoo mzima uliligeuza wimbo. Alikuwa akisema: "Mwezi unaandama mara kumi na mbili. Feruzi analeta mshahara mara nane. Miezi minne ilikuwa ya nani?"

Hakuna aliyejua. Wengine walisema ilikuwa ya mwanamke wa ng'ambo ya bandari. Wengine walisema kamari. Walilojua wote ni kwamba miezi hiyo watoto walikunywa maji ya moto yenye chumvi wakalala, na kwamba tangu hapo vizazi vitatu vilipita bila mtoto yeyote kupewa jina la Feruzi.

"Na huyu," Bi Mwanaisha akamwonyesha Rehema kwa kidevu, "anataka kumpa mtoto jina hilo!"

"Ni jina zuri, Auntie," Rehema akaniambia mimi, maana bibi yake alishamchosha. "Na ni letu. Majina yote mengine tumeazima."

"Hawu! Mtu aliyelaza watoto na njaa, jina lake liitwe nyumbani kwangu asubuhi na jioni? Mwanangu, nenda ukatazame. Kama alitudhulumu, niambie. Kama hakutudhulumu, niambie pia. Nitakubali."

Nilimpenda kwa hilo neno la mwisho. Wateja wengi huja wakitaka jibu walilokuja nalo.

Nilitafuta wiki tatu. Kampuni iliyopakia makaa ilikufa zamani, na katika madaftari yake lilibaki moja tu, la mwaka mmoja na wiki chache. Nilipolifungua nikamkuta Feruzi kwenye ukurasa wa pili, na nikaruka kwenye kiti mpaka msimamizi akanitazama. Upande wa kulia, kwenye safu ya malipo: pauni tatu kwa mwezi. Sikugeuza kurasa nyingine kuhesabu zimeandikwa mara ngapi. Nilimwaga maharage nyumbani ingawa hayakuhitajika. Pauni tatu mara kumi na mbili, thelathini na sita. Bi Zuhura alipokea mara nane, pauni ishirini na nne. Pauni kumi na mbili zimekwenda wapi? Niliandika kila kitu vizuri, nikapiga mstari chini mara mbili.

Jumapili baada ya kanisa nikapanda taxi mbili, nikashuka Chatsworth na ripoti yangu kwenye mkoba. Walinipikia biriani. Nilisubiri tumalize kula, nashukuru Mungu kwa akili hiyo ndogo, kisha nikasoma. Bi Mwanaisha alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kampuni ilimlipa mwaka mzima," akasema.

"Ndiyo, bibi. Pauni tatu kila mwezi. Imeandikwa."

Akakunja mtandio wake mapajani, akaukunjua, akaukunja tena. "Basi bibi yangu hakumsingizia. Rehema, tafuta jina jingine."

Rehema aliinuka akaenda jikoni, na tukasikia bomba la maji likifunguliwa likiachwa wazi. Niliaga. Kwenye taxi nilijiambia kwamba ukweli ni ukweli, kwamba kazi yangu si kufurahisha watu. Hivyo ndivyo mtu anavyojisemea akijisikia vibaya.

Siku zile nilikuwa nampigia mama yangu Wundanyi kila Jumapili jioni kwa kadi ya simu. Kadi zilikuwa zinakwisha haraka, kwa hiyo tuliongea mbiombio. Jumapili iliyofuata nikamsimulia habari ya Feruzi, kidogo kwa kujigamba, jinsi nilivyomkamata mume mjanja baada ya karibu miaka mia. Mama akanikatiza.

"Mghoi," akasema, "babu yako alifanya kazi ya mkonge kule bondeni. Unajua alikuwa analipwa lini?"

"Mwisho wa mwezi, mama."

"Mwisho wa mwezi upi? Alikuwa analipwa tiketi ikijaa. Tiketi ni siku thelathini za kazi. Jumapili haihesabiwi. Mvua ikinyesha haihesabiwi. Ukiugua haihesabiwi. Mashine ikiharibika, mmekaa pale mnaitazama, haihesabiwi. Nyanya yako alikuwa anasema mwezi wa mkonge ni mrefu kuliko mwezi wa Mungu. Sasa huyo wa makaa, siku ambazo meli haikuja, alilipwa na nani?"

Kadi ikakatika hapo. Nilibaki na simu mkononi. Babu yangu mwenyewe! Nilikuwa nimekalia magoti yake, nimesikia neno "tiketi" kabla sijajua kusoma, na sikulikumbuka siku nilipolihitaji. Niliona aibu ambayo sikuiona hata kwa zile peni nne, kwa maana karani wa hospitali hakuwa na mjukuu anayelia jikoni.

Kesho yake nilishuka Warwick mapema, nikapita katikati ya wauza mahindi na wauza dawa za miti bila kununua kitu, nikafika mlango wa chumba cha nyaraka haujafunguliwa. Nilikuwa nimempigia Anko Sooboo, akaja ingawa haikuwa Jumatano. Tukalifungua daftari tena. Safari hii nilitazama upande wa kushoto, ule niliouruka kwa sababu ulijaa vistari na nilidhani ni uchafu wa karani.

Jamani, upande wa kushoto ndiko alikokuwa Feruzi. Majina yamepangwa kwenda chini, siku zimepangwa kwenda kulia, na kila siku mtu aliyopakia makaa amewekewa kistari. Tukahesabu. Vistari thelathini, pauni tatu. Kwa kila kistari shilingi mbili. Halafu vinaanza upya, moja, mbili, tatu, mpaka thelathini, pauni tatu. Tukahesabu siku kati ya malipo na malipo: arobaini na tano. Mara nyingine arobaini na tatu, mara nyingine arobaini na saba. Mwaka mzima, tiketi nane. Nane! Bi Zuhura alihesabu sawa kabisa, na Feruzi hakuficha hata peni.

Anko akavua miwani. "Sukari pia ilikuwa na tiketi," akasema. "Nilijaza mwenyewe miaka na miaka. Sikukwambia kwa sababu nilidhani Mkenya anajua." Kisha akaigusa safu ya kulia kwa ukucha. "Wewe ulisoma pesa. Mtu hukumsoma."

Andikeni hilo mahali, wanangu. Neno "mwezi" kwenye daftari la mishahara, liulizeni kwanza lina siku ngapi. Na msizidishe kitu chochote kwa kumi na mbili kabla hamjahesabu vistari.

Nilipiga simu Chatsworth. Akapokea mtu nisiyemjua, nyuma yake kelele tele za vyombo. Rehema alikuwa amejifungua wiki hiyohiyo niliyokwenda, mtoto wa kiume, na kesho ilikuwa siku ya saba, siku ya akika na kutoa jina. Jina lilishachaguliwa, Yusuf. Nikamwambia Anko. Daftari halikuruhusiwa kutoka, kwa hiyo tulitoa kopi ya kila ukurasa wenye Feruzi, tukaziunganisha kwa gundi ya karatasi, mwaka mzima ukawa ukanda mmoja mrefu. Tuliukunja tukauweka kiti cha nyuma cha gari la Anko. Gari lenyewe lilizima kwenye kila robot, yaani taa za barabarani, kutoka mjini mpaka Chatsworth, na kila lilipozima Anko aliliomba kwa Kitamil na mimi nikaliomba kwa Kitaita.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wanaomenya vitunguu. Bi Mwanaisha alinipokea kwa adabu ya mtu asiyetaka mgeni.

"Karibu. Umesahau kitu?"

"Nimekosea, bibi," nikasema palepale mlangoni, kabla moyo haujanirudisha nyuma. "Hesabu yangu ilikuwa ya uongo. Nimekuja kuomba msamaha, na nimekuja na babu yako."

Vitunguu vikaachwa. Tukaukunjua ule ukanda kwenye mkeka, ukatoka ukutani mpaka mlangoni, ikabidi watu wavue viatu na kusogea. Bi Mwanaisha hakuwa msomaji wa maandishi ya Kizungu, lakini kuhesabu alijua kuliko sisi sote. Nilimwonyesha mstari wa babu yake. Akapiga magoti. Nilitaka kumshika mkono, akaupiga wangu kidogo.

"Acha, wewe ulishahesabu yako."

Akaanza kwa kidole. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika mahali pasipo vistari akanitazama.

"Hapa meli haikuja, bibi. Tazama, safu nzima ni tupu, wote hawana."

"Wakafanya nini?"

"Walikaa bandarini wakisubiri," Anko akajibu, nami nikamtafsiria. "Ukiondoka na meli ikaja, nafasi yako anapewa mwingine. Kwa hiyo huondoki."

"Na mshahara wa kusubiri?"

"Hakuna."

Akarudi kwenye kidole chake. Kumi na nane. Kumi na tisa. Wanawake walianza kuhesabu naye, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti, na walipofika thelathini wote walipiga makofi. Hapo palikuwa na pauni tatu. Akaendelea na tiketi ya pili. Nilimwambia hahitaji kuhesabu zote, akaniambia ninyamaze. Alipomaliza ya nne alikaa kitako akapumua.

"Bibi yangu aliuliza mpaka anaingia kaburini," akasema. "Miezi minne ilikuwa ya nani?"

"Ya kampuni, bibi. Siku zote za kusubiri ziliwekwa pamoja, zikafika miezi minne. Yeye alizitoa, wao wakazichukua bure."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Rehema alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kulala na kanga mabegani, na macho yake yalikuwa yamejaa. Nilidhani tumemaliza. Nilianza kuukunja ukanda kutoka upande wangu.

"Ngoja," Bi Mwanaisha akasema. Kidole chake kilikuwa kimeshaingia tiketi ya tano na kimesimama mahali. "Hapa je? Hapa wenzake wote wanacho kistari. Juu wanacho, chini wanacho. Yeye peke yake hana."

Mimi na Anko tukainama. Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumehesabu vistari vilivyopo, hatukuangalia kimoja kilichokosekana. Meli ilikuja siku hiyo, kazi ilikuwepo, na Feruzi hakwenda. Nikawaza, Mungu wangu, sasa hivi, mbele ya watu wote, ndipo tutamkuta yule mwanamke wa ng'ambo.

"Labda aliugua," Anko akasema haraka.

"Tarehe gani hiyo?" Bi Mwanaisha akauliza.

Nikapanda na kidole mpaka juu ya safu. Nikasoma: Ijumaa, siku ya kumi ya Agosti.

Bi Mwanaisha akamwomba Rehema msahafu wa ukoo, ule unaokaa juu ya kabati. Nyuma ya jalada, kwa wino uliofifia, waliandikwa wote waliozaliwa katika familia, tarehe za Kiislamu na za Kizungu, tangu enzi za Bluff. Rehema akatafuta mstari aliokuwa akielekezwa na bibi yake kutoka kwenye mkeka, wa tatu, hapana, wa nne, huohuo. Akausoma, akakoma, akautazama ukanda, akausoma tena kwa sauti. Ijumaa, siku ya kumi ya Agosti. Mwaka uleule wa daftari.

"Ni mama yangu," Bi Mwanaisha akasema. "Hiyo ni siku aliyozaliwa mama yangu."

Sijui nani alianza kupiga vigelegele. Najua mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na Anko Sooboo alikuwa anatafuta leso na leso ilikuwa na meno. Bi Mwanaisha alikuwa bado amepiga magoti, kiganja chake kimekifunika kile kiboksi kitupu cha siku hiyo.

"Shilingi mbili," akasema. "Aliziacha shilingi mbili zikaenda, akakaa nyumbani na sisi." Kisha akainua uso akamtazama Rehema, na sauti yake ikawa ile ya kuamrisha niliyoizoea.

"Unasimama nini hapo? Niletee Feruzi, nimpakate."